Ukiniambia "wanaabudu shetani" nitakuuliza wepi

Haya ni maneno niliyoongea Jumamosi jioni pale Majengo, Moshi, mbele ya wazazi na vijana. Mvua ilipiga bati mpaka waliokaa nyuma wakawa wanaona mdomo wangu tu unacheza, wakaniomba niyaandike, kwa hiyo nayaandika kama yalivyotoka, na nimeongeza sehemu mbili tatu ambazo siku ile niliziruka kwa sababu ya muda.

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu shikamooni. Vijana habari za jioni. Wakristo wenzangu Bwana Yesu asifiwe, na ndugu zangu Waislamu, asalaam aleikum. Asanteni kwa kuja na mvua hii.

Mimi ni mwalimu wa historia, wengi mnanijua, nimefundisha watoto wenu. Na mnajua mimi ni mtu wa kanisani, Jumapili mnaniona. Nasema hivo mapema kwa sababu leo naenda kuongelea watu wanaojiita wafuasi wa Shetani, na sitaki mtu atoke hapa anasema mwalimu amehamia upande wa pili. Sijahamia. Ila nimesoma sana habari zao miaka hii miwili, na sababu ya kusoma ni jambo lililotokea nyumbani kwetu.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anauza spea za pikipiki. Mwaka juzi akapata meseji kwenye simu, karibu Freemason, utajiri ndani ya siku saba, hakuna kafara, tuma hela ya fomu. Akatuma elfu arobaini na tano. Wakamwambia sasa hela ya pete, akatuma. Hela ya kumsafirisha wakala kutoka nje, akatuma. Alipokuja kuzinduka alishatuma laki tatu na themanini, na nyingi alikopa kwenye kikoba cha mke wake. Sasa hapo mtu angetegemea majirani waseme pole, kijana ametapeliwa. Wapi! Stori ilivyotoka mtaani ikawa ati amejiunga, ati amemtoa mtu kafara, wateja wakaanza kupita mbali na kibanda chake, na mtoto wake shuleni akaitwa mtoto wa shetani. Yaani kaibiwa, halafu juu ya kuibiwa akapewa jina. Mke wake mpaka leo akienda kisimani anaona watu wanakata maongezi.

Ndo nikajiuliza, hivi sisi tunaposema "wanaabudu shetani" huwa tunamaanisha nani hasa? Nikaanza kusoma. Na kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba hao watu hawaelewani hata kidogo wenyewe kwa wenyewe, wanagombana kuliko sisi tunavyogombana nao, na wengi wao, nisikilizeni vizuri hapa, wengi wao hawaamini kabisa kwamba Shetani yupo.

Naona watu wanacheka. Ni kweli, nitafika huko.

Kwanza tuondoe hili la Freemason maana huku kwetu limechanganywa mpaka basi. Freemason ni chama cha zamani cha watu wa aina ya klabu, wana jengo lao Dar es Salaam pale Sokoine Drive, halijajificha, unapita na daladala unaliona. Marehemu Sir Andy Chande alikuwa Mtanzania na Freemason mkubwa kabisa, alifariki 2017, na hakuwa anaficha, aliongea hadharani kwamba hakuna kumwabudu shetani mle. Na masharti ya kuingia kwenye loji zile zinazofuata mfumo wa Kiingereza, lazima uamini kwamba kuna Mungu, Muumba. Usipoamini hupokelewi. Sasa fikiria, mfuasi wa lile kanisa la Shetani la Marekani ambalo naenda kulielezea, ambaye haamini Mungu wala Shetani, huyo hata kwenye mlango wa Freemason angezuiwa. Ni vitu viwili tofauti kabisa na sisi tumevitia kwenye gunia moja tukafunga kamba.

Na neno lenyewe shetani. Kwenye Biblia ya Kiebrania maana yake ni mpinzani, mshitaki, ndo maana kwenye kitabu cha Ayubu anakuja mbele za Mungu kama mtu wa mashitaka. Kwenye Kurani kuna Iblisi aliyekataa kumsujudia Adamu akasema mimi umeniumba kwa moto yeye kwa udongo. Ukienda pwani, mtu akiambiwa ana shetani wanamaanisha pepo, kitu cha kupungwa. Na ukienda hapo Arusha kwenye maduka ya vinyago, Mmakonde anachonga shetani kwenye mpingo, jicho moja, mdomo umepinda, na mzungu anainunua anaenda kuiweka sebuleni kwake. Marehemu George Lilanga alipata jina dunia nzima kwa kuchonga na kuchora mashetani wa namna hiyo, wanacheza ngoma, wanakunywa pombe, wana matumbo. Hakuna aliyemwita mwabudu shetani. Kwa hiyo hata sisi wenyewe neno moja tunalitumia kwa vitu vinne.

Haya, tuje kwenye wenyewe.

Wa kwanza kuanzisha kanisa rasmi hadharani ni Mmarekani aliyeitwa Anton LaVey, mzaliwa wa Chicago mwaka 1930. Usiku wa tarehe 30 Aprili 1966, huko San Francisco, akatangaza Church of Satan, Kanisa la Shetani. Kichwa amenyoa upara, ndevu zimechongoka, nyumba amepaka nyeusi yote. Alijua kuvuta waandishi wa habari. 1967 akafungisha ndoa ya kishetani na magazeti yakajaa, mwaka huohuo akambatiza binti yake mwenyewe Zeena, ana miaka mitatu. Huyo mtoto mshikeni akilini, atarudi. 1969 akatoa kitabu akakiita Biblia ya Kishetani, na hicho ndo kitabu ambacho mpaka leo wanakigombania.

Mle ndani anafundisha nini? Anafundisha kwamba hakuna Mungu wa kukusikia na hakuna Shetani wa kukusikia. Shetani ni alama tu. Alama ya mtu anayejipenda, anayefurahia mwili wake, asiyegeuza shavu la pili, anayelipiza. Sikukuu kubwa kuliko zote kwao ni siku yako ya kuzaliwa, kwa sababu mungu wako ni wewe. Na sheria zao alizoandika zinakataza kuumiza watoto wadogo, na zinakataza kuua mnyama isipokuwa umeshambuliwa au unataka kumla. Mimi kama Mkristo nikisoma yale mafundisho nayaona ya ubinafsi mtupu, mnyonge hana nafasi, mwenye nguvu ale. Nayapinga kwa moyo wangu wote. Ila kafara ya mtoto haimo. Nimeitafuta, haimo, kilichomo ni katazo.

Na jingine mlizingatie kwa ajili ya zile meseji: kanisa hilo linasema wazi halitafuti waumini. Ukitaka kuandikishwa unalipa wewe ada mara moja, zaidi ya dola 200, unapewa kadi, na hakuna utajiri unaoahidiwa, hakuna pete, hakuna nyoka. Anayekutumia meseji kutoka namba ya hapahapa nchini anataka hela yako tu.

Sasa ugomvi.

LaVey alisema Shetani ni alama, lakini ibada alifanya, mishumaa, kengele, upanga, maneno ya Kilatini. Akasema ibada ni kama mchezo wa kuigiza wa kutoa vitu vilivyokukaa moyoni. Halafu sehemu nyingine anaongea kama uchawi unafanya kazi kweli. Hapo ndo mlango uliachwa wazi, maana waumini wakaanza kugawanyika kimyakimya, wengine wanasema ni alama, wengine wanasema hapana, usiku ule nilihisi kitu chumbani.

Aliyehisi kitu zaidi ya wote alikuwa Michael Aquino. Huyu alikuwa ofisa wa jeshi la Marekani, amepigana Vietnam, msomi, baadaye akachukua udaktari wa sayansi ya siasa. Aliingia akapanda vyeo haraka, akawa mhariri wa jarida lao, mkono wa kulia wa LaVey. Mwaka 1975 LaVey akaamua kwamba vyeo vya ukuhani vinaweza kupatikana kwa mchango, yaani hela au mali. Aquino hakukubali. Kwake ukuhani ulikuwa ni kitu kitakatifu, unapewa na yule mkuu wa giza mwenyewe, huwezi kuuweka dukani kama sukari. Akaondoka na wenzake. Idadi ya waliotoka kila upande una hesabu yake, mmoja anasema lilikuwa wimbi, mwingine anasema ni wachache tu, na LaVey baadaye akasema ni yeye mwenyewe alipanga ili kuwapunguza.

Mwezi Juni mwaka huohuo Aquino akafanya ibada usiku, akasema amejibiwa, na aliyemjibu amemwambia jina lake la kweli siyo Shetani, ni Set, mungu wa Misri ya kale, na hilo jina la Shetani ni la Waebrania walioliharibu. Akaanzisha Temple of Set, Hekalu la Set. Hawa sasa wanaamini kuna kiumbe kweli, chenye akili, ambacho ndicho kilimpa binadamu uwezo wa kujitambua, na kazi ya mtu ni kujijenga mwenyewe mpaka awe kile anachoweza kuwa. Magoti hawampigii, wanasema yeye mwenyewe hataki kupigiwa magoti.

Ndugu zangu, mimi niliposoma hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Kwa sababu ile ni kesi ninayoijua. Cheo kitolewe kwa hela au kwa wito? Kiongozi akikosea tunabaki naye au tunatoka? Jina la kweli la yule tunayemwabudu ni lipi? Sisi watu wa kaskazini hatuwezi kujifanya hatujui. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Walutheri wa Meru waligombania dayosisi mpaka ndugu wakaacha kusalimiana, fujo zikatokea, na waliojitenga wakaanzisha kanisa lao. Kuna wazee humu wanakumbuka. Siwafananishi Walutheri na Aquino, msininukuu vibaya, nasema tu kwamba ukiona watu wanagombana hivyo jua ni watu, wana vyeo, wana wivu, wana hela, wana dhamiri pia. Siyo jeshi moja la gizani lenye amri moja.

Turudi kwa yule mtoto, Zeena. Alikua, akawa msemaji wa kanisa la baba yake kuanzia 1985, anakaa kwenye televisheni anajibu maswali usiku na mchana kwamba sisi hatuchinji watoto, kwa sababu kipindi hicho Marekani nzima ilikuwa imeshikwa na hofu, nitaieleza. 1990 akajiuzulu, akamkana baba yake, akasema stori nyingi ambazo baba huyo alijitungia za maisha yake ni za uongo. Halafu akaingia wapi? Kwenye Hekalu la Set, kwa yuleyule Aquino hasimu wa baba yake, akapanda mpaka akawa kuhani mkuu wa kike. Halafu 2002 akatoka na huko, akaanzisha njia yake, na baadaye akaegemea Ubuda wa Tibet. LaVey mwenyewe alikufa Oktoba 1997. Msiba haujapoa, binti mkubwa Karla na mama mzazi wa mtoto wake wa mwisho, Blanche Barton, wakavutana nani arithi kanisa. Barton akabaki nalo, Karla akaanzisha lake 1999, na tangu 2001 mkuu wa lile la zamani ni Peter Gilmore. Ile nyumba nyeusi ikabomolewa 2001.

Binti alibatizwa kwa Shetani akiwa na miaka mitatu, bila kuulizwa, akahangaika maisha yake yote kutoka ndani ya jina alilopewa na baba. Mimi ni mzazi. Hiyo iliniuma kuliko habari zote za mishumaa.

Sasa kizazi kipya. Mwaka 2013 likaibuka kundi lingine, The Satanic Temple, Hekalu la Kishetani, msilichanganye na lile la Set. Waanzilishi wanatumia majina ya bandia, Lucien Greaves na Malcolm Jarry. Makao yao yapo Salem, Massachusetts, mji uleule ambao mwaka 1692 walinyonga watu kwa kuwaita wachawi. Hawa nao hawaamini Shetani yupo. Lakini alama yao ni tofauti na ya LaVey. Kwa LaVey Shetani ni mwenye nguvu anayejipenda, kwa hawa Shetani ni muasi anayesimama mbele ya mtawala akasema hapana. Wana kanuni saba, na ya kwanza inasema mtu ajitahidi kuwa na huruma kwa viumbe wote. Nyingine inasema mwili wa mtu ni wake, nyingine inasema imani ifuate sayansi, ukikosea urekebishe.

Na wao kazi yao kubwa ni mahakamani. Mfano, Oklahoma waliweka jiwe la Amri Kumi kwenye viwanja vya jengo la bunge la jimbo. Hawa wakasema sawa, kama serikali inaweka sanamu ya dini moja basi na sisi tuwekewe yetu, wakatengeneza sanamu ya shaba ya Baphomet, yule mwenye kichwa cha mbuzi, zaidi ya mita mbili na nusu, pembeni watoto wawili wanamtazama. Mahakama kuu ya jimbo 2015 ikaamuru lile jiwe liondolewe, nao wakaenda kuzindua sanamu yao Detroit mwezi Julai mwaka huohuo. 2019 serikali ya Marekani ikawatambua kama kanisa kwa mambo ya kodi.

Mngetegemea kanisa la LaVey lifurahi, si ndiyo? Shetani amepata sanamu. Hapana, walikasirika kweli. Wanasema hao siyo wafuasi wa Shetani hata kidogo, ni wanaharakati wa siasa waliovaa vazi letu, Ushetani uliandikwa na LaVey 1966 na yeyote asiyefuata alichoandika anatumia jina lisilo lake. Kanisa lao kama taasisi halina msimamo wa siasa, kila memba apige kura anavyotaka. Wale wa Salem wanajibu kwamba nyie mmekaa mnalinda maneno ya marehemu, mnasifia wenye nguvu, hamjamsaidia mtu yeyote. Mmoja anasema huruma ni udhaifu, mwingine ameiweka kanuni namba moja, na wote wawili wanatumia jina lilelile.

Halafu na hao wa Salem ndani kwao kukawaka. 2018 walitumia wakili ambaye alikuwa akitetea watu wenye siasa kali za kibaguzi, waumini wakapiga kelele kwamba huruma yetu ipo wapi, uongozi ukasema sisi ndo tunaamua, chapta ya Los Angeles ikajitoa, na wengine wengi wakaondoka wakisema hili kundi linalohubiri kukataa mamlaka lina bosi asiyeulizwa. 2020 wakawapeleka mahakamani waumini wao wa zamani wa Seattle, wakigombania kurasa za Facebook. Kurasa za Facebook jamani.

Tumebakiza wale wanaoamini Shetani yupo kweli na wanamwomba. Hao ni wachache zaidi, wametawanyika, wengi mmojammoja, na hawana baba mmoja. Wengine kwao ni malaika wa nuru aliyeleta maarifa, wengine kwao ni mungu wa kale aliyechafuliwa jina, wengine wanamchukua kama tunavyomsoma kwenye Biblia. Kanisa la LaVey linawadharau, linasema hao ni Wakristo waliogeuza shati nje ndani, wanaamini kitabu kilekile wakachagua upande mwingine. Nao wanawajibu, nyie ni wapagani mnaocheza maigizo, mnajiitaje wa Shetani na hamumwamini?

Na sitawaficha ubaya maana nimeapa kusema ukweli wote. Lipo kundi lililoanzia Uingereza, Order of Nine Angles, hao wamechanganya Shetani na Unazi, na maandishi yao yanasifia kuua. Mwaka 2023 askari mmoja wa jeshi la Marekani alihukumiwa miaka 45 kwa kupanga na watu wa kundi hilo shambulio dhidi ya kikosi chake mwenyewe. Kanisa la LaVey linawakataa, Hekalu la Salem linawakataa. Hao ndo wa kuogopwa na polisi wawafuatilie. Lakini mkiniuliza kwa nini tunashindwa kuwaona hatari wa kweli, nitasema ni kwa sababu tumeshapiga kelele ya mbwamwitu kwa kila mtu, muuza spea, msanii, tajiri aliyejenga ghorofa haraka.

Wamarekani walishapita hapo. 1980 kikatoka kitabu cha mama mmoja anayedai amekumbuka alivyoteswa utotoni na waabudu shetani, na baada ya hapo nchi ikapata homa. 1983 walimu wa shule ya chekechea ya McMartin, huko California, wakaanza kutuhumiwa kwamba wanatesa watoto kwenye ibada, watoto wakahojiwa mara kwa mara mpaka wakaanza kusema kuna mahandaki chini ya shule, kesi ikaenda mpaka 1990, miaka saba, na hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani. Ofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, Kenneth Lanning, alichunguza malalamiko ya namna hii kwa miaka, na 1992 akaandika kwamba hakupata ushahidi wa mtandao wa waabudu shetani wanaochinja watu. Wale walimu maisha yao yalishaisha lakini, nani atawarudishia.

Na hapa jirani, ukivuka Namanga tu. 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani Kenya, mwenyekiti askofu mkuu, na ripoti ikafika bungeni 1999. Mimi darasani nilikuwa nasikia stori zile kutoka kwa wanafunzi wenzangu waliokuwa na ndugu Nairobi, tunaogopa mpaka kwenda chooni usiku. Kila mtu mwenye gari jeusi alikuwa mshukiwa.

Nilipofika hapa siku ile, mama mmoja aliyekaa upande wa dirishani alinyoosha mkono. Hakunisubiri nimalize. Akasema, "Mwalimu, samahani. Mwanangu yuko kidato cha tatu. Nimekuta kwenye daftari lake amechora kile kichwa cha mbuzi na namba 666. Nimelichoma daftari. Nimempeleka kwenye maombi siku tatu, amekaa tu, haongei na mimi wiki ya pili sasa. Amejiunga?"

Ukumbi wote ulinyamaza, ikabaki mvua.

Nikamwambia mama yangu, mimi simjui mtoto, siwezi kukuapia. Lakini kwa ninavyowajua watoto wa umri ule, michoro ile imejaa kwenye fulana na nyimbo za mtandaoni, anaweza hata asijue ule mbuzi alichorwa na Mfaransa mmoja miaka ya 1850. Inawezekana anataka tu kuonekana mkali kwa wenzake. Inawezekana amekasirika na jambo la nyumbani au shuleni na ameona ile ndo picha ya mtu aliyekasirika. Na inawezekana kuna mtu mzima mbaya anamwandikia kwenye simu, hilo lipo, na hilo ndo la kulijua haraka kuliko lolote. Yote hayo hutayajua kwenye majivu ya daftari. Akaniuliza, sasa nifanyeje. Nikamwambia leo ukirudi mpelekee chai alipokaa, ukae naye, usimkemee, mwambie mwanangu, yule uliyemchora ni nani, na nani amekuonyesha. Halafu unyamaze. Hata akichukua nusu saa kuanza kuongea, unyamaze.

Yule mama alikuwa analia. Dada mmoja akamsogezea kiti karibu, na mwenyekiti wa mtaa akasema tuahirishe maswali mengine mpaka Jumamosi ijayo, saa kumi, palepale.